Nilivyopasuliwa kwa Nafasi ya Mtu Nisiyemjua

Bwana asifiwe, wazee wenzangu, nanyi akina mama mlioketi huko nyuma. Mchungaji ameniomba nisimame, nami nimekubali kwa sharti kwamba niachwe niseme yote, hata yanayotia haya. Mwenye kuona aibu na aangalie chini, ila masikio ayaache wazi.

Mnaonijua mnaniita Baba Mbeyu. Nakaa Magongo, na kazi yangu ni uaskari wa geti katika kiwanda kimoja hapa Changamwe. Vibarua wakitoka jioni, mimi ndiye ninayewapekua. Nafunua vyombo vya chakula, nawavua kofia, nakung'uta viatu. Kazi hii ukiifanya miaka mingi inakuingia mwilini. Mke wangu husema hata samaki akinunua nampekua tumbo. Si uongo, nampekua.

Afya nilikuwa nayo. Nilikula, nililala, nililima kishamba changu kule kwetu kila nikipata likizo. Kisha mkojo ukaanza kunichezea. Nasimama chooni, najikamua, unatoka uzi mwembamba, unakatika. Nikifunga suruali, matone yananiteremka pajani. Nikilala, naamka tena na tena, na nikifika chooni hakuna kitu. Nikaanza kuvaa suruali nyeusi ili madoa yasionekane.

Sikumwambia mtu. Kwanza nilishuku maji ya kiwandani. Nikaacha kuyanywa, haikusaidia. Kisha nikamshuku kibarua mmoja niliyemkamata na nyaya za shaba, akaniambia, "Utaona." Nikasema, basi ndiye huyu, amenifunga kwa uchawi. Mke wangu akaniambia, "Baba Mbeyu, nenda hospitali. Huyo kibarua hana habari na wewe." Nikamwuliza amejuaje kuwa naumwa. Akacheka, akasema, "Nafua nguo za nani?"

Sikwenda. Nikaendelea hivyo mpaka siku mkojo ulipoziba kabisa. Ilikuwa mchana, niko getini. Tumbo la chini likavimba, likawa gumu kama nazi. Nilitaka kukojoa kuliko ninavyoweza kueleza, na hakikutoka hata kitone. Jasho likanitoka, nikakamata chuma cha geti nikalia mbele ya vibarua niliokuwa nikiwapekua. Ndio hao hao walionibeba wakanitia ndani ya gari la kiwanda.

Hospitali kubwa ikanipokea. Daktari kijana akanibonyeza, akasema, "Mzee, kibofu kimejaa. Tutakutia mpira." Akauingiza mpira kwa kule kule mkojo unakotokea. Uchungu wake siusahau. Lakini mkojo ulipoanza kuteremka kwenye mfuko, ndugu zangu, nilimshika daktari mkono nikambusu.

Walinipima damu, wakanichunguza, wakaniambia si saratani. Ni tezi dume, imekua ikabana njia. Dawa zilijaribiwa, mpira ulipotolewa njia ikaziba tena. Daktari mkubwa akasema, "Hii itabidi tuipasue. Lakini wanaongoja ni wengi." Nikapewa miadi ya mbali. Wakati ule tuko kwenye jua la kaskazi. Mimi nikaambiwa nirudi masika yakiisha.

Basi nikaishi na mpira. Mfuko naufunga pajani kwa kitambaa, juu yake suruali. Nikitembea, natanua miguu kama mtoto aliyetahiriwa. Kanisani nilikaa kiti cha mwisho karibu na mlango kwa kuogopa harufu. Mkiniuliza, nilisema goti. Halikuwa goti.

Kila mpira ulipotakiwa kubadilishwa nilikwenda kwa nesi mmoja anaitwa Sista Rukia, mama wa Kisauni, mpole wa maneno. Mimi sikumwamini. Nilimtaka aufungue mpira mpya mbele ya macho yangu na anisomee tarehe ya kuharibika. Akasoma. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, akasema, "Wallahi mzee, wewe ungefaa uwe hakimu."

Sasa sikilizeni. Pale nje, kwenye benchi, palikuwa na mtu nadhifu, shati jeupe, kalamu mfukoni. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo mzee," akanipa pole, akaniuliza ugonjwa wangu na tarehe yangu. Akasema anawajua watu wa ndani, nimpe nambari ya simu atanifuatilia. Mimi ninayempekua samaki, nikampa. Labda maumivu yalikuwa yamenichosha.

Haikupita muda, simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ananong'ona. "Miadi yako imefutwa. Ukitaka irudishwe, tuma kitu kidogo sasa hivi, maana kuna mwingine anaingojea."

Nikaanza kuhesabu hela nilizonazo. Lakini nikajiuliza, mbona hospitali iseme kwa sauti ya kunong'ona? Nikamwambia, "Nitakuja mwenyewe." Akakata. Kesho yake nikaenda mpaka kwa Sista Rukia. Akaangalia daftari la miadi, akasema, "Mzee, siku yako iko palepale. Hakuna aliyeifuta, na hakuna anayepaswa kukudai chochote kwa simu." Nikatoka nje kumtafuta yule wa shati jeupe. Benchi lilikuwa tupu.

Tangu hapo nikawa simwamini mtu hata mmoja. Nikiona aliyekuja nyuma yangu anatangulia kulazwa, nasema ameinunua nafasi. Nilipolalamika kwa sauti juu ya mmoja wao, daktari aliniambia kuwa yule mtu figo zake zilikuwa zinakufa. Hata hilo sikuliamini. Nikawa naisikiliza simu ya mke wangu akiongea na dada yake, nikidhani wananizungumzia mimi.

Kisha mpira ukaleta maradhi. Nikatetemeka kwa homa chini ya blanketi katika joto hili letu. Mkojo ukawa mzito, rangi ya chai iliyolala, na harufu yake ilimfanya mke wangu afungue madirisha yote. Nikalazwa, nikachomwa sindano za dawa, nikapona ile homa. Sista Rukia akaniambia, "Mzee, mtu akiahirisha, nitakupigia wewe. Uwe tayari." Nilimwitikia, lakini moyoni nikasema, nani ataiacha nafasi yake? Hizi ni hadithi za kumnyamazisha mgonjwa.

Siku moja niko nyumbani, simu ikalia. Nambari ngeni. Sauti ya mwanamke: "Baba Mbeyu, kuna nafasi imepatikana. Njoo kesho asubuhi, usile kitu."

Nikakata. Ikalia tena, nambari nyingine. Nikamwambia, "Mwizi we! Mmeona sauti ya kiume haikufaa, sasa mmeleta ya kike?" Nikakata, nikaizima simu.

Mke wangu alikuwa akikuna nazi. Akaweka mbuzi kando. "Na kama ni wao kweli?"

"Si wao."

"Wamekudai hela?"

 Hapo simu yake yeye ikalia. Nambari yake tuliiacha hospitali siku ya homa. Akasikiliza, kisha akaanza kucheka. Akanigeukia. "Anasema, mwambie mumeo, ni mimi niliyemsomea tarehe ya mpira mara mbili."

Hata hapo, ndugu zangu, nilisema, "Huenda mwizi alikuwa dirishani anasikiliza."

Mke wangu akasimama. Akasema, "Vyema. Basi kesho twende tukamwone huyo mwizi. Tukimkuta, utampekua. Tukimkosa, tutarudi nyumbani tule."

Tukaenda. Sista Rukia alikuwa mlangoni amevaa kofia ya chumba cha upasuaji. Hakunitajia matusi yangu. Alisema tu, "Umekula?" Nikasema sijala.

Nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Miguu ikafa, nikawa naiona lakini si yangu. Kabla hawajaanza nilimwuliza daktari, "Unalijua jina langu?" Akalitaja, la kwangu na la baba yangu. Nikawaacha waanze. Walipita njia ile ile ya mkojo, wakaikwangua tezi kidogo kidogo. Baadaye kibofu kilioshwa kwa maji yaliyopita mchana kutwa, mfuko ukiwa mwekundu, kisha wa waridi, kisha maji matupu.

Siku ya kutoa mpira, nilisimama chooni nikiogopa. Mke wangu yuko nje ya mlango. Ukaanza kutoka. Uliwaka kama pilipili, lakini ulitoka, na ulikuwa na sauti! Mke wangu aliusikia, akapiga kigelegele humo wodini, wagonjwa wakadhani kuna aliyejifungua.

Nilipokuwa nafunga vitu vyangu nikamwuliza Sista Rukia nafasi ile ilikuwa ya nani. Nilishuku mwenye nafasi amekufa na mimi nafichwa. Akasema, "Jina siwezi kukupa. Lakini yu hai. Alipiga simu mwenyewe. Alifiwa na mkewe, akawa anasafirisha mwili kwao. Alisema, 'Msiiache ikalala bure, kuna mwenzangu mwenye mpira.'"

"Na yeye?"

"Amepewa tarehe nyingine. Ya mbali."

Nikakaa kitandani. Mtu mwenye mpira pajani, na maiti ya mkewe ya kusafirisha, akakumbuka kupiga simu.

Nawashukuru madaktari, Sista Rukia, vibarua walionibeba, na mke wangu asiyechoka. Namshukuru Mungu. Wazee, mkojo ukianza kukatika, msingoje uzibe. Anayekupigia na kukudai pesa, mkatie, lakini usiishie hapo. Nenda ukaulize mwenyewe, uone kwa macho yako. Na kama una miadi na umepata dharura, piga simu uiachilie mapema.

Huyo bwana sijamwona. Nikienda kliniki, kila mzee ninayemwona anatembea ametanua miguu namshuku kuwa ndiye. Nampisha kwenye benchi, nampa mkono, namwuliza habari za nyumbani. Wengine hunitazama kwa wasiwasi, wakishika mifuko yao ya pesa. Siwalaumu. Nawapa mkono hivyo hivyo.