Gunia Lile Lile, Kamba Nyingine

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo kifua kinapanuka, ingawa sijui kama nitaieleza sawasawa. Shule yangu ilikuwa fupi.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye cyber moja hapa Kolwezi. Tata Ramazani, mwenye malori ya kwenda Kasaji, alinipa kazi ya kumtengenezea kurasa za biashara kwenye intaneti. Nikazipanga kwa jedwali, kama tulivyofundishana wakati ule: picha ya lori chumba chake, bei chumba chake, namba ya simu chumba chake. Kwenye kompyuta kubwa ya cyber zilipendeza, tusidanganyane. Lakini wateja wake, akina mama wa sokoni Kasaji, walikuwa wameanza kuzifungua kwenye simu.

Tata akaniita kwenye maegesho ya malori, simu mkononi, kidole kikivuta ukurasa kwenda pembeni, madereva wamemzunguka.

"We mutoto, hii ni page ao ni kitenge? Niko navuta, niko navuta, haiishake!"

Madereva wakacheka. Nikajitetea: "Tata, simu yako njo kidogo."

"Na kinga je?" akanionyesha baiskeli ya kupeleka mizigo vijijini, imeegemea lori. "Lori yangu ikifika Kasaji, mizigo inapanda pa kinga, bapeleke mu mugini. Ulisha kuona mutu anakata gunia sababu kinga ni kidogo? Gunia ni ile ile. Kamba njo tunafunga ingine." Kisha akakaza uso: "Kisha swala ya Ijumaa, kama haiingie mu simu, kazi inaenda Lubumbashi."

Nilirudi nimenuna. Ila nikakumbuka asiyesikia la mkuu, nikalihurumia guu langu. Nikabomoa kuta zote za jedwali. Maneno na picha nikaviacha peke yake: hilo gunia. Rangi, upana, nani akae juu ya nani, nikaandika kwenye faili moja ya pembeni, ile tunaita feuille de style: hiyo kamba.

Ijumaa Tata akatoka msikitini, akaja cyber na madereva wake. Akafungua simu. Picha juu, bei chini yake, namba chini yake. Kidole hakikuvuta pembeni hata kidogo. Hakusifu.

"Lori zangu ni kijani. Hapa ni nyekundu. Badirisha page zote."

Madereva wakaguna kwa huruma. Mimi nikabadili neno moja kwenye ile faili.

"Fungua tena, Tata."

Kijani, kurasa zote! Dereva mmoja akakimbia nje, akapiga honi mpaka wauza mikate wakasimama. Tata akacheka mpaka kofia ikamdondoka: "Ba Lubumbashi bakae kwabo!"

Lakini nisilionee jedwali. Lilitulisha kabla hatujajua kingine, na ratiba ya malori, siku na saa, niliiacha humo humo, maana ratiba ni jedwali kweli.

Basi, mwanangu, unachosema na namna ya kukipanga usivishone pamoja. Simu za kesho hatujui zitakuwa na umbo gani. Na mteja akiicheka kazi yako, kabla ya kununa angalia mkononi ameshika nini. Mungu akujalie gunia lililojaa, na kamba isiyoshindwa na chombo chochote.