Pete Nyeusi Ndani ya Gobori

Juzi fundi alikuja kwangu hapa Tangini kuzibua bomba. Alipolipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, harufu ya mafuta na kutu ikanipiga puani, nikaketi. Ni harufu ya mikono ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa magobori kule Vihingo, enzi za Mwingereza. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, gobori ni bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomoni, na kwetu lilikuwa mlinzi wa mihogo. Nguruwe wakiingia shambani, asubuhi hukuti hata mzizi wa kuchemsha. Sisi Waislamu hatukuwala. Wao walikula vyetu bila kujali dini.

Siku moja jirani yetu Mzee Pazi alileta gobori la marehemu babake, pamoja na jogoo wa malipo ya ufundi. Katikati ya mtutu palikuwa na uvimbe mdogo ambao jicho lingeupita, ila kidole kiliusikia. Baba alifungua kizibo cha nyuma, akausugua mtutu ndani mpaka kitambaa kikatoka safi, akauelekeza mbinguni. Kisha akaniita nichungulie, maana alikuwa na desturi ya kunieleza kila kitu, mimi mtoto wa kike, bila haraka. Katika mtutu mzima, alisema, mwanga huteleza kama maji kwenye jani la mgomba. Wenye uvimbe una pete nyeusi ndani. Hapo chuma kimetanuka kikawa chembamba, na baruti ikiwaka itatafuta pa kutokea hapo hapo. Nikaiona ile pete, nyeusi kama wanja.

Mzee Pazi naye akachungulia. "Mbona mwanga unapita, fundi? Na msimu uliopita lilipiga."

"Lilipiga likiwa na udongo mdomoni, kaka, ndipo likavimba. Halifai."

"Kama unataka jogoo wa pili, sema."

Waliokuwa barazani wakacheka. Baba alimgeukia Salehe, kijana wa Mzee Pazi aliyekuwa akilinda shamba lao, akamwambia taratibu: "Mwanangu, hili litampasua atakayelishika. Usilishike."

Wakalichukua. Mihogo ilikuwa inakomaa, na gobori jingine hawakuwa nalo. Msimu ule lilipiga mara nyingi, na kila mlio ulipotufikia watu walimtania baba, wakimuuliza kama tayari limepasuka. Niliona haya kwa ajili yake. Mpaka alfajiri moja likapasuka kweli. Walimbeba Salehe juu ya kitanda kumpeleka hospitali Kisarawe, wakageuka naye njiani, amefunikwa shuka.

Baba alikwenda msibani, nami nyuma yake. Mzee Pazi alikuwa ameketi mkekani. Hakumpa mkono.

"Ulisema litampasua, likampasua," alisema. "Ulimtamkia mwanangu, fundi."

Nikangoja wale wa barazani waseme walichokisikia. Kila mmoja alitazama mkeka. Nikangoja baba aombe vipande vya mtutu vilivyobaki, awaonyeshe chuma kilivyokuwa chembamba. Baba alisema tu, "Mungu akupe subira, kaka," tukarudi nyumbani. Tangu hapo ilisemwa kwamba ana kinywa kibaya. Akipita njiani, kina mama waliwafunika watoto wao mgongoni.

Mwaka uliofuata mtu tusiyemjua alikuja na gobori lake, ametembea kutoka mbali. Baba alilifungua, akalisugua, akachungulia kwa muda mrefu. Alipoliweka nami nikachungulia. Pete ilikuwapo.

"Vipi, fundi?" mgeni akauliza.

"Sijui," baba akasema. "Macho yangu siku hizi hayaoni."

Yule mtu akashukuru, akajitwika gobori lake begani, akaenda zake. Nilimwonea baba huruma. Nilianza hata kumtungia uzi kwenye sindano alipotaka kushona kiraka, naye akaniachia nifanye hivyo. Lakini jioni ile ile ya mgeni, kabla sijaona chochote angani, baba aliniambia niwafunike vifaranga, mwewe anakuja. Nikawafunika, na mwewe akaja.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, ndipo nilipomkumbuka yule mwewe. Macho ya baba hayakuwa na ugonjwa wowote. Aliiona pete kabla yangu, akaona na mkeka wa msibani, akachagua kunyamaza. Hakunieleza tena kitu chochote mpaka tulipomzika. Na yule mtu wa gobori hatukupata habari zake.