Ubeti wa Tatu Uliofika Saint Paul

Niliondoka Iringa mwezi wa tisa mwaka 1996 kwa sababu mbili ambazo hazikupatana. Kwaya ya kanisa moja la Saint Paul, Marekani, lenye urafiki na usharika wetu, iliniomba nikawafundishe wimbo wangu kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Mdogo wangu Tumaini, muuguzi huko, aliposikia akanitafutia nafasi ya kusomea utunzaji wa wazee. "Kaka, ukishafundisha huo wimbo usirudi," aliniambia kwenye simu. "Nyimbo hazitakufikisha popote." Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi kwetu nimetunga miaka kumi na minane, na nimetunzwa soda.

Ijumaa mchana nilitua Minneapolis. Tumaini alikuja na Wanjiru, rafiki yake Mkenya mwenye gari. "Karibu, Mwalimu! Hiyo koti ni ya Iringa, hapa itakuangusha," akacheka. "Kesho niko off, nitawa-drop Saint Paul." Tulikwenda hadi Brooklyn Park, alikoishi Tumaini, kwa barabara pana zisizo na mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. Usiku ule Tumaini alinionyesha fomu za chuo, tayari zimejazwa jina langu.

Jumamosi saa nne asubuhi nilisimama mbele ya waimbaji arobaini. Niligawa nakala nilizoandika kwa mkono wangu, noti zote za solfa, do-re-mi kwa herufi, safi kabisa. Mzee aliyeongoza kwaya aliigeuza karatasi kama anayetafuta upande wa juu. Kumbe wao husoma noti za mistari tu! Kwetu hata mama muuza mchicha anasoma solfa, basi sikuwahi kuwaza kwamba kuna kwaya duniani isiyoijua.

Mzee yule, kwa upole, akapendekeza tuimbe ubeti wa kwanza tu, muda ni mfupi. Tumaini, mkalimani wangu, akamjibu bila kuniuliza: kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, nyimbo ni za kujifurahisha, kateni tu.

Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hayo niliyasikia. "Mimi ni mtunzi," nilimwambia mzee mwenyewe. "Ubeti wa tatu ukikatwa, wimbo narudi nao nyumbani." Sijuti. Mtunzi halazimishi watu waimbe, ila wakiomba wimbo wake, wauchukue mzima. Nimeamka alfajiri kwa ajili ya sauti ambazo hakuna aliyenituma kuzitafuta, na siwezi kuziita mchezo.

Basi tukaweka karatasi chini. Nikawafundisha kwa mdomo, sauti moja moja, kama ninavyowafundisha bibi zetu wasiosoma. Sauti ya nne, wale wa besi, walikuwa wazito kama magunia ya mahindi, lakini hawakuchoka. Tumaini aliwatafsiria maneno, mstari kwa mstari. Alipofika ubeti wa tatu akaacha kutafsiri, akanigeukia. Ubeti huo unasema juu ya mikono iliyopalilia viazi kwenye ukungu, na udongo tuliotupia juu yake, kila mtoto konzi moja.

"Huyu ni mama," akasema.

"Ni mama. Niliutunga wiki ya mazishi."

Mama alipofariki, mwaka 1992, Tumaini alikuwa huko Marekani, na hakuweza kuja. Hakuna aliyewahi kumsimulia mazishi yale, na yeye hakuwahi kuuliza. Alilia mbele ya wageni wale bila kuficha uso.

Jumapili waliuimba mzima, beti zote tatu. Matamshi yaliyumba, lakini noti zilikaa. Tumaini aliingia sauti ya pili bila kualikwa. Nakiri nilijivuna, na nikiulizwa nitajivuna tena.

Jumatatu asubuhi alizichana fomu. "Nafasi wapewe wengine. Rudi ukatunge, kaka. Ila ubeti wa nne uniweke na mimi."

Niliutunga ndani ya ndege, na kwaya yetu sasa inauimba. Nilikwenda nikidhani natafuta watu wa kunipigia makofi. Nimerudi najua wimbo unafanya kazi gani: mama tulimzika sisi mwaka ule, na Tumaini alimzika Saint Paul, miaka minne baadaye, akiwa amesimama sauti ya pili.