Mstari wa Njano Shingoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilisemwa kwa sababu ya mkono. Ilikuwa Meru mjini, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mashine nne za kufuma sweta zilikuwa zimefungwa kwa skrubu kwenye meza ndefu, na mkubwa wetu tulimwita Fundi Mkuu, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe, aliyekuwa akisukuma miwani juu ya paji la uso kisha anaitafuta kutwa nzima. Nilishika uzi kwa mkono wa kushoto. Akaniona.

"Binti, huo mkono umepotea njia?"

"Ndio nilionao, mzee."

"Haya. Hebu funga fundo nilione."

Nikaunga nyuzi mbili, nikafunga. Akalichukua fundo, akalisogeza dirishani, akaligeuza mara mbili. "Mafundo ya hawa wengine wote yanalala kulia. Lako linalala kushoto. Vizuri sana. Sweta ikifumuka sokoni sitauliza ni ya nani." Wenzangu wakacheka. Nikacheka pia, maana ningefanya nini?

Naandika haya kwa ajili ya wasichana wanaokuja kwangu kuniuliza kazi ya kufuma ilikuwaje. Najua mambo kama haya huandikwa na wazee. Mimi nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Asiyetaka kumsikiliza mstaafu asiye na mvi aiweke karatasi chini, aende akapalilie.

Kwetu ni Usangi, Upareni, Tanzania. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na Mwembu, mtu wa Embu ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa dereva wa lori la vitunguu, nikavuka mpaka na sanduku moja na sindano mbili za kufumia alizonipa mama. Huku niliitwa Mtanzania hata kabla sijaulizwa jina. Kiswahili changu kiliwachekesha. "Wewe kila kitu ni naomba," mwenzangu mmoja wa pale Meru aliniambia. "Unaomba uzi kama mtu anaomba mchumba. Sema tu: leta uzi!" Nikajifunza kusema leta uzi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ina kitanda kirefu cha sindano, kila sindano na ndoana yake, na juu yake kuna kichwa unachokisukuma kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila msukumo ni safu moja ya vitanzi. Chini unaning'iniza vyuma vizito ili kitambaa kivutike sawasawa. Kitanzi kimoja kikianguka na usikione, sweta nzima inatoboka kama soksi ya mlevi. Unafuma mgongo, kifua na mikono mbali mbali, halafu unaunga. Shingo ndiyo ya mwisho, na shingo ndiyo inayomwonyesha fundi. Fundi Mkuu alikuwa akipitisha sweta ya mtoto kwenye goti lake lililokunjwa. Isipopita, unafumua.

Kufumua nako ni kazi. Uzi uliofumuliwa haunyooki, unabaki na mawimbi kama nywele zilizosukwa zikafunguliwa. Unauosha, unautundika na jiwe, na hata hivyo ukiushika unajua kwamba uliwahi kuwa kitu kingine.

Mume wangu alipohamishiwa kwenye ghala la Kiirua nikaenda naye, nikafuma kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, chini ya Mama Mwenyekiti. Huyo alikuwa akifungua kazi kwa sala na kuifunga kwa umbea. Sina la kulalamika juu ya Kiirua. Upepo wa kule unakata masikio, kwa hiyo kila mtu alitaka sweta, na hapo ndipo nilipomzaa Wanja. Alipewa jina la mama mkwe wangu, kama desturi yao ilivyo, na mama mkwe alikuwa akimshika na kumwambia, "Nimejizaa tena, sasa nitakula na meno mapya."

Nilimfumia Wanja sweta ya njano. Njano kwa sababu Mama Mwenyekiti alikuwa na koni moja ya uzi wa njano ambayo hakuna shule iliyoitaka. Haikutosha. Kwenye bega niliongezea njano nyingine iliyokoza zaidi kidogo, nikaunga kwa fundo langu. Ncha za mikono nilizifuma ndefu, nikazikunja mara mbili, ili akikua nizishushe. Fundi mwenye akili hufuma hivyo. Mtoto hukua, uzi haukui.

Mume wangu alipoacha kazi ya ghala tukarudi kwao Kianjokoma, juu kwenye majani chai, karibu na msitu. Nikapata kazi kwenye karakana ya sweta za shule pale sokoni. Mkubwa wetu alikuwa mwanamke tuliyemwita Meneja. Alijua kazi, sitasema uongo. Alikuwa na sheria mbili alizozirudia kila asubuhi: "Za shule kwanza, za nyumbani baadaye," na "Hapa kwangu uzi haufi." Yaani hata kipande cha shubiri moja hakitupwi.

Wanja alikuwa anakaribia miaka minne wakati ule. Ncha za mikono nilikuwa nimeshazishusha zote, na bado mikono ya sweta ilimfika katikati ya kigasha. Jumatatu moja, baridi ya Julai ikiwa imeanza, nikaibeba kwenda nayo karakanani ili niongeze mikono. Kuongeza mikono unakata ukingo, unafumua kidogo, unashika vitanzi vyote kwa uzi mwingine visikimbie, kisha unaanza kufuma kwenda chini. Ni kazi ya saa moja. Nikakata, nikafumua, nikashika vitanzi. Hapo Meneja akaingia na agizo la shule: darasa la kwanza lote, rangi ya kijani, upesi, kwa sababu ya baridi.

Kwa sababu ya baridi. Nyinyi someni hapo mara mbili.

"Meneja, nimalizie hii ya mtoto. Saa moja tu."

"Mama Wanja, umesikia nimesema nini? Watoto arobaini wanatetemeka. Wako ni mmoja, na ana nyanya wa kumfunika leso."

Nikaiweka rafuni. Jumanne nikasema kesho. Jumatano nikasema kesho. Sweta ilikaa pale juu siku tisa, mikono haijaisha, na haikuweza kuvaliwa na mtu yeyote kwa sababu niliifungua mimi mwenyewe. Waswahili wana msemo, mfinyanzi hulia gae. Niliusoma shuleni nikaandika maana yake vizuri, nikapata alama zote.

Alfajiri Wanja alikuwa akifuatana na nyanya yake kupeleka majani chai kituoni, kwenye ukungu ule, na gauni na leso. Akaanza kukohoa. Tukampeleka hospitali. Siku ya tatu alikuwa anapumua kama paka mdogo aliyefungiwa ndani ya kikapu, mbavu zinaingia na kutoka. Akaniuliza, "Mama, sweta imeisha?" Nikamwambia imeisha. Huo ndio uongo wa mwisho niliomwambia mwanangu.

Daktari aliniambia kwamba sweta haizuii nimonia. Nilimshukuru. Sikumwamini.

Baada ya mazishi nilikaa nyumbani wiki mbili. Meneja akatuma mtu kwamba agizo halijakamilika, shule imetaka mstari wa njano shingoni. Wasichana, mtaniuliza kwa nini nilirudi. Nilirudi kwa sababu nyumbani mama mkwe alikuwa akikaa mlangoni akiniangalia bila kusema, na mashine angalau ina kelele. Ilikuwa mapema mno, sikukumbuka kutazama rafuni. Au sikutaka.

Nilikuta donge la uzi wa njano mezani kwangu. Nikaunga mistari ya shingo siku mbili, mstari wa safu mbili tu kwa kila sweta, uzi kidogo sana. Niliona una mawimbi. Nikafikiri, Meneja amefumua kitu cha zamani, uzi haufi. Thelathini na sita zikaisha, zikakunjwa, zikachukuliwa na shule. Zikabaki nne. Kwenye ya thelathini na saba kidole changu kikagonga fundo.

Likalala kushoto.

Upande huu njano iliyopauka, upande huu njano iliyokoza. Kisha nikainuka, nikatazama rafuni, palikuwa peupe.

"Meneja, sweta ya Wanja iko wapi?"

Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini polepole, na hapo nikajua.

"Mama Wanja... njano iliisha. Hata Embu mjini nilikosa."

"Nimekuuliza iko wapi."

"Ilikuwa nusu sweta. Mikono haijaisha. Nilisema ukirudi uikute pale juu itakuumiza. Aki nilifikiri nakusaidia."

"Ukanipa mimi niishone! Mimi! Kwa mikono yangu!"

"Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria. Ulifikiria uzi."

Nilichukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi nikatoka. Shule haikuwa mbali. Niliwaza jambo moja tu: nitazikata zile shingo zote thelathini na sita, nitaukusanya uzi wangu, nitaifuma upya na mikono yake. Mbele ya Mungu, ndivyo nilivyokuwa nakwenda kufanya.

Darasa la kwanza walikuwa nje wamejipanga mstari, wanasubiri uji, ukungu umewafika magotini. Kijani kitupu, na karibu kila shingo ina duara la njano. Mwalimu wao aliona mkasi, akaniona uso. Habari za Wanja alizijua, alikuja mazishini. Nikamweleza kwa maneno machache. Akalia, mwalimu wa watu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Wanja, sitakuzuia. Lakini itabidi niwavue kwenye baridi hii. Nianze na nani?"

Nikatazama ule mstari. Sikuweza kuonyesha mtu.

Kasichana kamoja kalikokuwa mbele, pua inachuruzika, kakanivuta leso. "Mathe, ni wewe ulishona hii? Inaninyonga hapa."

Nikapiga magoti. Nikaingiza kidole kati ya shingo yake na ule mstari wa njano. Ulikuwa na joto. Nilikuwa nimeukaza mno, kazi mbaya, Fundi Mkuu angenifumulia mbele za watu. Nikakata kitanzi kimoja kwa mkasi, nikalegeza, nikafunga tena.

"Sasa?"

"Sasa nameza."

Nikaenda nyumbani. Meneja alikuja siku ya tatu na donge dogo lililobaki, likiwa na lile fundo, akaliweka kwenye kiti bila kukaa. Nimejaribu kumchukia kabisa nimeshindwa. Robo tatu nimeweza. Robo iliyobaki ni yangu mwenyewe, na hiyo siifikii.

Huo ndio mwisho wa kazi yangu. Mimi na mashine hatukuonana tena. Siku hizi nina mtoto mwingine, mvulana, anavaa sweta ya mtumba aliyonunuliwa na baba yake, na inampasha joto vizuri tu. Napanda maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Nasikiliza salamu redioni. Nimezoea hata mchanganyiko wao wa mahindi, maharagwe na ndizi, ingawa sitalisema hilo mbele ya mama mkwe. Ninyi mkiniuliza nini cha kujifunza, sina hekima. Fuma ya mtoto wako kwanza. Shule itangoja. Meneja akikataa, mwache akatae, uko na mdomo.

Sweta za kijani bado ziko. Wale watoto wamepanda madarasa, zikashuka kwa wadogo zao. Mara nyingine mama mmoja huja mlangoni na sweta yenye mstari wa njano uliopauka, anasema, "Mama Wanja, najua uliacha, lakini tafadhali, mikono imekuwa mifupi."

Nazitoa zile sindano za mama. Namwambia asiniachie, akae na mtoto akae, nimwekee uji. Nakata ukingo, nashika vitanzi, nafuma kwenda chini kwa mkono wangu wa kushoto, na mtoto ananitazama. Mvua ikinyesha, jirani akija, chungu kikiungua, siweki chini. Saa moja, imeisha. Anaivaa hapo hapo anaondoka nayo.

Sweta ya mtoto hailali kwangu.