Madam Digna na Kompyuta Kumi na Nne

Ukimtembelea Madam Digna, hutoki bila kushiba. Kiti kizuri ni chako, paja la kuku ni lako, yeye anakalia ndoo. Nafundisha naye sekondari moja hapa Lumemo, na nasema wazi kwamba ukarimu huo ndio uliotaka kumponza mwezi Mei.

Maabara yetu ina kompyuta kumi na nne, zote kuukuu, ambazo tangu mwaka juzi zilikuwa zikiwaka kwa kujivuta au haziwaki kabisa. Mkuu wa shule, Mwalimu Eustaki, alishazichoka. Mpunga wa shamba la shule ulikuwa umevunwa, stoo inavuja, na mvua haijaisha.

"Madam, nakupa hadi Jumatatu," alisema. "Zisipofanya kazi, chumba hicho naweka magunia. Watoto hawali kompyuta."

Sikumlaumu. Ila niliona Digna alivyonywea. Amezaliwa Kiberege, kwa wakulima, na kompyuta aliigusa mara ya kwanza chuoni, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mkufunzi alimwambia ashike mausi. Akaiinua hewani, akaielekeza kwenye kioo kama rimoti. Darasa zima likacheka. Hadithi hiyo huisimulia kwa utani, lakini bado inamuuma, na ameapa mwanafunzi wake hatachekwa hivyo.

Dawa aliyoipata ni Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, toleo jipya jepesi linalosifiwa kwa kufufua mashine zilizochoka. Alilijaribu kwanza ndani ya laptopu yake, kwenye kompyuta ya kuigiza: dirisha moja linalojifanya kompyuta nzima, ukiiharibu unaifuta na kuanza upya. Alhamisi likawaka vizuri mno. Ijumaa akaliweka kwenye mashine moja ya maabara: nembo ikatokea, kisha kioo kikawa cheusi ti. Akarudi kwenye laptopu, linawaka. Maabara, cheusi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta pale maabara, macho yamevimba.

"Mwalimu Obed, huku linakubali, kule linakataa. Ugonjwa nitaushika wapi?"

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe bado unalichinjia kuku."

Nilikuwa natania tu. Kompyuta mimi naijua kwa kuifuta vumbi. Akacheka, halafu ghafla akafungua mipangilio ya ile kompyuta ya kuigiza.

"Nimeipa memori giga nne," alisema taratibu.

"Na hizi za hapa?"

"Giga moja. Na kadi za picha za zamani." Akajishika kichwa. "Jamani, nimelipokea kama mgeni! Kompyuta gani hapa kwetu ina shibe hiyo?"

Akaipunguzia ile ya kuigiza memori na uwezo wa picha mpaka ikafanana na wenzake maskini wa maabara, akaiwasha. Kioo kikawa cheusi. Sijawahi kuona mtu akishangilia kushindwa namna ile, aliruka, akanikumbatia. Sasa ugonjwa ulikuwa mkononi mwake. Akawa anabadilisha jambo moja, anawasha, anafuta, anaanza upya, mara ishirini na zaidi. Alasiri akaupata: toleo lile lilikuwa linalazimisha madoido ya kioo ambayo kadi kuukuu haziyawezi. Akayazima, na picha ikatokea.

Jumatatu Mkuu alikuja na toroli la magunia. Akakuta kompyuta tisa zinawaka. Tano zilikuwa zimekufa zenyewe, si kwa kosa la Linux. Alizitazama moja moja, akampa Digna mkono.

"Hongera, Madam. Umeweza kweli." Kisha akaangalia wingu lililokuwa linashuka kutoka milimani. "Lakini mpunga huu ndio chakula cha watoto mwaka mzima. Niuweke wapi?"

Nikajua tumekwisha, maana Mkuu alikuwa na haki. Digna akatoa ufunguo mfukoni, wa nyumba yake ya mwalimu iliyo nyuma ya madarasa.

"Sebuleni kwangu, Mkuu."

Makochi yakahamia barazani. Siku hizi Kidato cha Pili wanaandika barua kwenye zile kompyuta tisa, na mausi wanaisukuma mezani, hakuna anayeiinua. Mimi nikimtembelea Digna, nakalia gunia la mpunga. Yeye bado anakalia ndoo.