Nilivyomsimulia Papa Ndege

Kila mwaka, majani yanapoanza kupukutika mtaani kwetu Erdington, huku kwa Waingereza, mimi na jirani yangu wa ghorofa ya chini hutia chai kwenye chupa na kwenda kutazama ndege. Yeye ni Singasinga mzee aliyezaliwa Kisumu. Mimi natoka Uvira. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, ingawa kila mmoja humcheka mwenzake: yeye husema mimi naongea kama ninaimba, mimi humwambia chake ni cha dukani. Namwita Papa, yaani baba, kama tusemavyo kwetu. Yeye huniita mama, japo angeweza kunizaa.

Papa ndiye aliyenifundisha kushika darubini. Tulianza na mabwawa na vinamasi vya karibu na mji, mpaka nikaweza kutofautisha bata na bata. Baadaye tukawa tunakwenda hadi pwani ya mashariki, mimi nikiendesha, yeye akilalamikia gia zangu.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alimwambia kwamba kila atakachokitazama, katikati yake ataona kivuli tu. Mwaka huo nilipogonga mlango wake alisema haendi, ataniharibia siku. Nikamjibu kuwa gari liko tayari na chapati zinapoa, avae koti. Akavaa.

Tulifika pwani maji yakijaa. Yalivyozidi kufunika tope, ndege wadogo wa kijivu, maelfu kwa maelfu, walisongamana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Ghafla kipanga akapita juu yao na wote wakaruka kwa pamoja. Nilifungua mdomo kumweleza Papa, nikakwama. Jina lao kwa Kiingereza nilikuwa nalo. Kwa Kiswahili sikulijua, na Kiingereza kilikuwa hakitoshi kwa nilichokuwa nakiona.

"Sijui tunawaitaje, Papa."

"Achana na jina," alisema. "Niambie wanafanya nini."

Basi nikamwambia. Wamekuwa kama shuka linalokung'utwa, upande mmoja mweusi, upande wa pili mweupe. Kipanga anaingia, shuka linapasuka. Anatoka kucha tupu, linajiunga tena. Sasa wanakuja kwetu. Papa akainua uso, na mvumo wa mabawa ukapita juu ya vichwa vyetu kama mvua ikianza kupiga mabati. Alikuwa amenishika mkono wa koti, anatabasamu. Walipokwisha kupita aliuliza kama kipanga ameambulia chochote. Nikasema hapana. Akasema vizuri, sasa na sisi tule.

Njia nzima ya kurudi alinitaka nirudie pale shuka lilipopasuka, nami nilirudia, kila mara nikiongeza chumvi kidogo.

Tangu hapo hatujakosa msimu. Mwaka huu akina mama wawili wa kanisani kwetu, wakaao mtaa wa Ladywood, wameomba kufuatana nasi. Papa amewakubalia, ila kiti cha mbele ni chake, na msimulizi ni mimi.