Laini Mpya na Mbuzi wa Askofu

Wenzangu, kuna siku kichwa changu huenda likizo bila kuniaga. Mimi ni karani wa kanisa letu hapa Mutomo. Kwa laini yetu ya zamani, ukiingia kwa intaneti simu ilikuwa inakufa mpaka umalize. Juzi fundi akatuwekea laini ya kidijitali. Akanieleza polepole kwamba sasa sauti na data zinapita waya mmoja kwa wakati mmoja, bila kuzuiana. Nikaitikia kwa kichwa, lakini akili yangu ilikuwa kwa chai.

Jana Askofu alipiga simu kutoka Malili akitaka ratiba ya Jumapili, siku ambayo atatutembelea. Nikamwambia, "Ngoja kidogo Baba Askofu, naituma kwa kompyuta." Nikalaza mkono wa simu mezani, nikabonyeza kutuma, nikidhani simu imekufa kama zile za zamani.

Mama Mwende, mpishi wetu, akaniuliza kutoka mlangoni, "Na mgeni tutamchinjia mbuzi gani?"

"Ni ile kongwe kiwete tu," nikasema. "Imepelekwa sokoni mara tatu na hakuna mtu ameitaka. Askofu mwenyewe ni mzee, hata meno hana ya kujua tofauti. Tutamwambia tumeinunua huko Kanyangi, tena ikiwa changa."

Tukacheka mpaka nikashika meza. Kisha nikachukua simu nione kama imefufuka.

"Ratiba imefika, dada," Askofu akasema taratibu. "Hiyo mbuzi msiisumbue. Jumapili mimi nitakula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, na mnipikie ikuwe laini."